Msaada Wenye Masharti na Gharama ya Kuukataa



Tarehe 18 Februari 2025 Serikali ya Rwanda ilitangaza kusimamisha sehemu iliyosalia ya mpango wa ushirikiano wa maendeleo na Ubelgiji, uliopangiwa miaka ya 2024 hadi 2029. Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyoishutumu Rwanda kwa kuwaunga mkono wapiganaji wa M23 katika vita vya mashariki ya Kongo, na yaliyotaka ibanwe kwa ajili hiyo. Rwanda ilikana, ikasema kuuingiza msaada wa maendeleo katika siasa ni kosa. Wakazi wa Gisenyi wanavijua vita hivyo: Januari ya mwaka huo Goma iliangukia mikononi mwa M23, na makombora yaliyovuka mpaka yakaua raia wa Rubavu.

Leo hatukusudii kuamua ugomvi huo. Tunakusudia kueleza maana ya dola kuukataa msaada, kwa mfano uliowagusa askari wenyewe.

Mwezi Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na serikali ikalazimika kuomba majeshi ya Uingereza yaje kuwatuliza. Jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, liliundwa Septemba mwaka huo. Wakati huo Ujerumani Magharibi ilikuwa ikisaidia kuanzisha kikosi cha anga na kuwafundisha polisi wa majini. Lakini Zanzibar, iliyoungana na Tanganyika mwezi Aprili, ilikuwa imekwisha kuitambua Ujerumani Mashariki, na Bonn ilishikilia kwamba rafiki yake hawezi kuwatambua Wajerumani wote wawili.

Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati. Mwezi Februari 1965 aliamua kwamba ubalozi wa Ujerumani Mashariki ulioko Zanzibar uondoke, na badala yake uwepo ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila ya utambuzi kamili. Bonn haikuridhika, ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Nyerere naye akajibu kwamba msaada mwingine wote wa serikali hiyo uondolewe vilevile. Hakutaka nchi nyingine iichagulie Tanzania marafiki.

Uamuzi huo haukuwa wa hasira tupu. Canada, iliyokuwa imekwisha kubali kulifundisha jeshi la nchi kavu, ilichukua pia kazi ya kikosi cha anga. Mlango mmoja ulipofungwa, mwingine ulikuwa wazi.

Haikuwa hivyo kila mara. Mwaka 1980 Nyerere aliyakataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, yakiwamo kushusha thamani ya shilingi. Safari hii hazina ilikuwa imedhoofishwa na bei ya mafuta na vita dhidi ya Idi Amin, na mfadhili wa kuziba pengo lote hakupatikana. Sabuni, nguo na mafuta vikaadimika madukani. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, Tanzania ilitia sahihi mapatano na shirika hilo, na shilingi ikashushwa.

Basi mifano hii miwili inatufundisha jambo moja. Haki ya kukataa ni ya kila dola iliyo huru. Nguvu ya kudumu katika kukataa hutokana na maandalizi. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Rwanda yenyewe, wafadhili kadhaa waliposimamisha misaada mwaka 2012, ilianzisha mwezi Agosti Mfuko wa Agaciro, ambao wananchi waliuchangia.

Uamuzi wa kupokea au kukataa si wa kambi wala wa kituo cha polisi. Ni wa serikali. Hata hivyo gharama yake huweza kufika kambini na kituoni: mafuta ya gari yakapunguzwa, vipuri vikachelewa, nafasi ya masomo ikafutwa. Hapo ndipo askari hupimwa. Akiliziba pengo hilo kwa kumdai hongo mama anayevuka mpaka kwenda Goma na mzigo wake wa mboga, atakuwa amemtwika mnyonge gharama ya heshima ya taifa zima, na heshima yenyewe itakuwa imepotea papo hapo mpakani.