Kutaja Wazo kwa Jina Lake

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, Kolwezi ina baridi ya kukaza vidole. Mji wetu huu wa madini, kusini mwa Kongo, uko juu, zaidi ya mita 1,400. Nawasha mbabula, jiko letu la makaa, uani, na kabla sijateleka maji nakaa kwenye kigoda, nyayo zote mbili chini. Malori ya madini hayajaanza kutimua vumbi. Makaa yanaalika yakishika moto. Nayasikiliza. Navuta pumzi kwa pua nikihesabu hadi nne, naitoa polepole nikihesabu hadi sita. Dakika kumi, kila siku. Dakika hizo ndizo zilizonirudishia usingizi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mtaa wa Manika. Mdogo wangu ni mchimbaji wa kobalti. Mwezi wa sita mwaka 2019, mgodi ulipoporomoka karibu na mji na kuua wachimbaji zaidi ya 40, tulimpigia simu kutwa nzima bila kumpata. Alikuwa mzima, simu tu ilikuwa imezima. Lakini mwili wangu haukusadiki. Tangu hapo, pikipiki ikisimama langoni usiku nilikaa kitandani wima nikingoja kuambiwa nani amekufa. Baruti za migodini zikitikisa madirisha ya darasa, chaki iliniponyoka mkononi, kisha nikawagombeza watoto wasio na kosa.

Muuguzi aliyenipima presha aliniuliza, "Mama mwalimu, mbona unapumua kama mtu anayekimbizwa?" Ni kweli, pumzi zangu zilikuwa fupi, za kifuani. Akanieleza kwamba tukivuta pumzi moyo huongeza kasi kidogo, na tukiitoa hupunguza. Ndiyo maana pumzi inayotoka taratibu huutuliza mwili.

Pumzi ilinisaidia, ila mawazo yalibaki. Hapo nikamkumbuka nkambo wangu, yaani bibi yangu, wa mtaa wa Musonoi. Yeye na mume wake walikuwa watu wa Jamaa, jumuiya ya Wakatoliki waliokusanyika na Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeandika kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu mwaka 1945. Jamaa ilizaliwa hapa Kolwezi miaka ya 1950, kati ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière na wake zao, na mafundisho yake yalikuwa kwa Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Humo neno "mawazo" lilikuwa na uzito mkubwa. Babu akirudi kazini, kabla ya kula bukari, ugali wetu, walikaa wawili. Babu alisema, "Leo niliwaza hivi." Nkambo alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha naye akasema lake. Aliniambia, "Mwana, wazo usilolitaja litakutafuna."

Sasa nafanya vivyo hivyo peke yangu. Katikati ya pumzi akili inakimbilia shimoni kwa mdogo wangu, au kwenye mshahara uliochelewa. Siifokei. Nalitaja wazo kimoyomoyo: "hii ni hofu", "hili ni deni". Kisha narudi kwenye pumzi. Anayeanza hudhani ameshindwa kwa sababu akili imetoroka. Kumbe akili ya kila mtu hutoroka, na kule kuirudisha, hata mara hamsini, ndiyo kazi yenyewe.

Wabudha wamefundisha njia ya namna hii kwa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliiingiza hospitalini Massachusetts, Marekani, kwa mafunzo ya wiki nane yaliyowasaidia wagonjwa kuishi na maumivu na msongo. Jirani zangu wa kanisani waliniuliza kama nimebadili dini. La. Pumzi haina dhehebu, na anayesali rozari kwa utulivu anaijua tayari sehemu ya njia hii.

Ukitaka kujaribu, anza na dakika tatu. Kama kufumba macho kunakurudishia picha za msiba, yaache wazi, utazame kitu kimoja, hata mguu wa meza. Picha hizo zikizidi, au ukikosa usingizi wiki baada ya wiki, nenda kwa muuguzi au daktari. Usikae kuteseka peke yako.

Nawaambia pia wachimbaji na wake zao: kutulia hakuzuii ukuta wa mgodi kuanguka. Kule mtaa wa Kasulo watu walianza mwaka 2014 kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Hatari hiyo haimalizwi na pumzi. Lakini aliyetulia huona ufa mapema, na akidai usalama wake anajua anachodai.

Juzi baruti ililia tukiwa kwenye hesabu za kugawanya. Vioo vikatetemeka, watoto wakanyamaza. Niliweka chaki mezani, nikawauliza kila mmoja anawaza nini. Msichana wa dawati la mbele akasema, "Namuwaza baba, yuko chini." Hakuna aliyecheka. Tukavuta pumzi pamoja mara tatu, darasa zima, tukizitoa taratibu. Yule msichana akajifuta macho, akainua mkono na kunikumbusha kwamba tulikuwa tumefika swali la tano.