Takako Doi na uraia wa watoto wetu

Baba wa Kitanzania au Kikenya aliyeoa Japani huenda ofisi ya manispaa kumwandikisha mwanawe, na mtoto anapata uraia wa Japani kupitia mama yake. Wengi tunadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. La hasha. Hadi mwisho wa 1984, mtoto wa ndoa alifuata uraia wa baba. Mjapani akiolewa na mgeni, mtoto wao alikuwa mgeni katika nchi ya mama yake. Okinawa, kwenye kambi za jeshi la Marekani, wapo waliokosa uraia kabisa: sheria za kwa baba ziliwakataa, na za kwa mama hazikuwatambua.

Mmoja wa waliolivalia njuga jambo hili bungeni ni Takako Doi. Alizaliwa Kobe mwaka 1928, akafundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Doshisha, kisha akaingia bungeni mwaka 1969 kwa tiketi ya Chama cha Kisoshalisti. Katiba aliyoifundisha inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria; sheria ya uraia ilisema vingine. Ilirekebishwa mwaka 1984, ikaanza kutumika Januari 1985.

Mwaka 1986 chama chake, kikiwa hoi baada ya kushindwa vibaya kwenye uchaguzi, kilimkabidhi usukani. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza chama kikubwa nchini humo. Mwaka 1989 serikali ilipoleta kodi ya manunuzi ya asilimia 3, Doi alijibu kwa maneno mafupi: "Dame na mono wa dame", yaani lisilofaa halifai. Julai mwaka huo chama tawala kikapoteza wingi wake katika baraza la juu, na wanawake 22 wakashinda viti.

Mwaka 1993 akawa spika wa kwanza mwanamke. Kwa desturi, spika humwita mbunge kwa jina na "kun", kiambishi ambacho mtaani mkubwa humwitia kijana wa kiume. Doi akatumia "san", heshima anayopewa yeyote, mwanamume au mwanamke.

Alifariki mwaka 2014. Alipoondoka kwenye kiti cha spika, "kun" ilirudi bungeni. Sheria ya uraia haikurudi nyuma, ndiyo maana pale manispaa karani hatuulizi kwanza baba katoka wapi.