Binti Amechaguliwa Kusoma Sayansi Chuo Kikuu: Masomo Yenyewe, Mkopo wa Bodi na Safari



Tumeletewa swali na ndugu yetu mzaliwa wa Pemba, ambaye kwa miaka mingi anafanya biashara ya viazi na maharage Ibaba, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, upande wa mpaka wa Malawi. Binti yake amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na amechaguliwa kusoma shahada ya kwanza ya sayansi. Jamaa zake wa Wete wamemwambia kwamba mkopo wa Bodi ni riba, kwamba masomo hayo hayamfai mtoto wa kike, na kwamba bora arejeshwe kisiwani aolewe. Anataka kujua lipi kati ya hayo ni la dini na lipi ni la watu.

Tumeona jibu liwe refu kidogo, kwa sababu kila mwaka matokeo yakitoka nyumba nyingi za Unguja na Pemba hukaa na masuali haya haya, na baadhi ya wazee huyamaliza kwa kumvunja mtoto moyo.

Tuanze na masomo yenyewe, maana wengi tunayatolea hukumu bila ya kuyajua. Hapa visiwani neno "chuo" kwa asili ni pale mtoto anapofundishwa Qur-aan. Mzee akisikia "chuo kikuu" huenda akadhani ni kile kile ila kikubwa zaidi: mwalimu anasoma, mwanafunzi anafuata, mwisho anahitimu. Shahada ya sayansi haiendi hivyo. Kwa kawaida ni miaka mitatu, uhandisi huwa minne, na udaktari mitano pamoja na mwaka mmoja wa mazoezi hospitali. Kwa aliyetoka kidato cha sita, kiwango cha chini cha kuingia ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Lakini kiwango cha chini ni cha kupita mlangoni tu. Kila fani ina masharti yake, na ushindani huyapandisha.

Akishaingia, mwaka wa kwanza ndio wenye mtihani mkubwa, na hili wazee hatuambiwi. Mtoto aliyekuwa wa kwanza skuli anajikuta katika ukumbi wa mamia ya watoto waliokuwa wa kwanza skuli zao. Mhadhara ni kwa Kiingereza tupu, saa moja, na mwalimu hamuulizi mtu kama ameelewa. Aliyesoma PCB hukutana na hesabu ambazo alidhani ameachana nazo. Mchana anaingia maabara, na kila jaribio lina ripoti yake ya kuandika. Katika vyuo vingi alama 40 katika 100 hutokana na kazi za muhula, na 60 na mtihani wa mwisho. Kwa hiyo mtoto anayelala miezi mitatu akitegemea kukesha wiki ya mwisho ameshapoteza kabla ya kukaa kwenye mtihani. Anayeanguka somo hurudia mtihani, ndiyo wanafunzi wanayoiita "sapu", na ambaye wastani wake unashuka chini ya kiwango cha chuo huondoshwa masomoni, wenyewe husema "amedisko". Wastani huhesabiwa hadi 5.0: kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni kufaulu tu.

Tumeona watoto wenye akili nzuri wakirudishwa nyumbani mwaka wa kwanza. Wengi wao hawakushindwa na kemia. Walishindwa kuuliza, waliona haya kumfuata mwalimu ofisini, wakajifungia dakhalia na kuwaambia wazee kwenye simu kwamba "mambo mazuri". Mzazi asiulize tu kama mtoto ameswali na amekula. Aulize pia: ripoti ya maabara umepeleka? Jaribio la kwanza umepata ngapi?

Ama kuhusu elimu hii katika dini, Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameitaja tiba na hisabu katika Ihyaa kuwa ni fardhi kifaya, na akalalamikia miji isiyokuwa na tabibu Muislamu huku watu wakisongamana kwenye fiqhi. Malalamiko yale tukiyaleta kwetu leo yanatukaa sawasawa. Chukua mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wanaokilima wengi ni mama zetu na dada zetu. Ule mwani mnene wenye bei nzuri unakufa maji yanapopata joto, na wanabaki na ule mwembamba wa bei ndogo. Anayeweza kueleza kwa nini unakufa, na ulimwe wapi na kwa namna gani, ni mtu aliyesoma baiolojia na kemia. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapa hapa Zanzibar tangu mwaka 1978, lakini haiwezi kujazwa na watu ambao wazee wao waliwakataza kusoma.

Tena ndugu yetu ana mfano huko huko aliko. Ratiba ya swala iliyochapishwa kwa ajili ya Unguja haimfai Ibaba. Jua hutumia dakika 4 kupita kila nyuzi moja ya longitudo, na Ileje iko takriban nyuzi 6 magharibi ya Unguja, kwa hiyo adhuhuri yake inachelewa karibu dakika 24 mwaka mzima. Magharibi haina tofauti moja: kwa kuwa Ileje pia iko kusini zaidi, tofauti hukua mwezi wa Disemba na kupungua mwezi wa Juni. Aliyefuturu Ibaba kwa saa ya Unguja amekula jua halijazama. Hiyo ni hesabu ya fizikia, na swaumu ya mtu inaisimamia.

Yapo mambo ya maabara ambayo wanafunzi hutuuliza sana, na mengi yana wepesi. Spiriti inayotumika katika majaribio hainywewi, na kuishika kwa kazi hiyo hakumfanyi mtu kuwa mnywaji. Ikimrukia nguoni, aoshe kwa kutoka katika khilafu ya wanavyuoni, basi. Kupasua panya au chura kwa kujifunza kunajuzu pakiwa na haja na bila ya kumtesa mnyama. Nadharia za asili ya viumbe, mwanafunzi azisome na azijibu kwenye mtihani kama zinavyosemwa na wenyewe. Kuelewa kauli ya mtu si kuiamini, na pale anapotatizika amfuate mwenye elimu kuliko kukimbia kipindi. Binti afanye kazi katika kundi lenye mabinti wenzake pale inapowezekana, na mlango wa maabara uwe wazi. Ama swala, maabara ya saa 8 mchana hadi saa 11 haimlazimishi mtu kujumuisha: adhuhuri ataiswali kabla ya kuingia, na alasiri baada ya kutoka, jua bado liko juu. Kwa wavulana, anayepangiwa kipindi wakati wa Ijumaa aombe kuhamishiwa kundi jingine wiki ya kwanza kabisa, majina hayajafungwa. Akiomba wiki ya sita ataonekana msumbufu, na haki yake itakuwa imepotea kwa uvivu wake.

Tuje kwenye mkopo, ambao ndio uliowagombanisha jamaa wa Wete na ndugu yetu.

Wanaosema ni riba hawakuzua. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kila mwaka juu ya deni lililobaki, kwa jina la kulinda thamani ya mkopo. Tuseme kijana anadaiwa shilingi 12,000,000: mwaka mmoja tu unamuongezea 720,000, na akikaa bila ya kazi deni linapanda huku amelala. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba shilingi inashuka thamani. Hoja hiyo wanavyuoni wameijadili, na Baraza la Fiqhi la Kimataifa katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988 likaamua kwamba deni la fedha hulipwa kwa idadi yake, si kwa thamani yake. Aliyekopeshwa milioni moja hurejesha milioni moja. Kwa uamuzi huo, asilimia 6 ile ilikuwa ni ziada iliyoshurutishwa katika mkopo, na walioiita riba walikuwa na haki.

Lakini hukumu hufuata hali ya jambo. Tarehe 1 Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo. Anayeendelea kumkataza mwanawe leo kwa sababu ya asilimia 6 anakataza kitu kilichokwishaondoka. Mkopo wa kurejesha kiasi ulichopewa ni qardh, na qardh ni halali.

Juu ya hivyo, mkataba usomwe neno kwa neno kabla ya sahihi, na mzazi awepo. Yaangaliwe mambo mawili. Kwanza, ada ya uendeshaji. Ikiwa ni kiasi kidogo kinachotozwa kwa gharama halisi za kazi, Baraza hilo hilo liliiruhusu katika kikao cha Amman mwaka 1986. Ikiwa inakua kadiri muda unavyokwenda, hiyo si ada tena. Pili, faini ya kuchelewa kulipa. Ziada inayoshurutishwa kwa mdaiwa aliyechelewa haijuzu, na kikao cha Jeddah cha mwaka 1990 kimelisema hilo waziwazi. Ukikuta sharti kama hilo, wapo wanavyuoni wanaozuia kabisa kutia sahihi, na wapo wanaoruhusu kwa mwenye haja ambaye ana yakini ya kulipa kwa wakati. Sisi tunaelekea kwa hawa wa pili kwa mtoto ambaye hana njia nyingine ya kusoma, kwa sharti kwamba azimie tangu siku ile kutoingia katika faini.

Wala halali ya mkopo haifanyi deni kuwa jepesi. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alikuwa akiuliza deni la maiti kabla ya kumswalia, na ametufundisha kwamba hata shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Tunawasikia vijana wakiita pesa ya kujikimu "bumu", ikishuka siku ya kwanza inanunuliwa simu, ya pili viatu, na kufika wiki ya tatu wanakopana sukari. Hiyo ni amana ya watu na ni deni shingoni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na tusisikie kwamba amejificha asijulikane alipo. Deni liandikwe katika wasia, kama tulivyoamrishwa kuandika madeni katika Suratul-Baqarah aya ya 282, na mdhamini aliyeweka jina lake kwenye fomu aambiwe ukweli wa alichokisaini.

Kabla ya mkopo, kuna msaada usio na deni. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi katika michepuo ya sayansi kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha sita, na huo haurejeshwi. Zanzibar nayo ina Bodi yake ya mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ndugu yetu asome masharti ya ukaazi ya kila upande na achague mmoja. Kuomba pande mbili kwa kuficha ni udanganyifu, hata kama fomu zote mbili zitapita.

Limebaki la safari. Katika madhehebu yetu ya Shaafi'iy, kauli ya wengi ni kwamba mwanamke hasafiri safari isiyo ya wajibu ila na mume au maharimu, na baadhi yao wameruhusu pamoja na wanawake waaminifu njia ikiwa ya amani. Safari ni jambo moja na kuishi mahali ni jambo jingine. Baba amchukue mwenyewe hadi chuoni, aione dakhalia ya mabinti, aonane na viongozi wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, na likizo amfuate yeye au kaka yake. Akipata nafasi Mbeya, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, hapo ni karibu na Ileje. Akipata SUZA, bibi na shangazi zake wapo visiwani, na wale jamaa wa Wete waliosema arejeshwe watakuwa wamepata walilolitaka, ila binti atakuwa na vitabu mkononi. Ndoa haizuiwi na masomo wala masomo hayazuiwi na ndoa. Akija mchumba mwema, kuendelea kusoma kuwekwe kuwa sharti la wazi siku ya posa, mbele ya mashahidi.

Kwa wiki hizi lililo la haraka ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha binti kimetolewa Zanzibar, kwa hiyo uhakiki wake ni kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, si RITA. Asisubiri hadi siku ya mwisho ya maombi, kwani kutoka Ibaba kufuatilia karatasi ya Pemba ni kazi ya siku nyingi. Jamaa wa Wete, badala ya kubishana kwenye simu, wamsaidie kuifuatilia.

Wa-Allaahu A'lam.