«Na wewe mwenyewe, unaonaje?»

Leo nawaletea mwalimu mmoja wa Kenya aliyetembea vijijini akiuliza maswali. Henry Odera Oruka alizaliwa mwaka 1944, akasoma falsafa Uppsala kule Sweden, kisha akafundisha kwenye chuo kikuu cha Nairobi. Siku zile wasomi wengi wa Ulaya walisema Mwafrika wa kijijini anafuata desturi tu, hafikiri peke yake. Odera hakuwajibu kwa makelele. Tangu miaka ya 1970, yeye na wenzake walienda kukaa na wazee ambao wengi hawakusoma shule, Waluo, Wakikuyu na wengine, wakasikiliza na kuandika. Kitabu kikatoka 1990.

Kwanza aliuliza: kwenu watu wanasema nini? Halafu: na wewe mwenyewe, unaonaje? Hapo wengine walirudia tu maneno ya mababu. Wengine waliyapima. Mzee Paul Mbuya Akoko, Mluo, alisema Waluo walikosea kufikiri Mungu wao si Mungu wa wengine. Na juu ya mwanaume na mwanamke: mwanaume anakimbia mbio zaidi, lakini mwanamke ana nguvu ya kubeba mimba na kuzaa, basi hakuna aliye juu ya mwenzake. (Nilimwambia mume wangu. Alicheka, kisha akachukua bidoni akaenda kuchota maji.)

Kinachonisikitisha, wanawake katika kitabu kile ni wachache mno. Peris Njuhi Muthoni, Mkikuyu, yumo. Wengine wako wapi?

Hapa Eringeti tuna Wanande, Wambuba, Wambuti, na familia zilizokimbia vita. Tunasalimiana kwenye maji, basi. Juzi wamama wawili, mwenyeji na mkimbizi, waligombana juu ya foleni. Koko mmoja aliyekimbia na wajukuu wake alikuwa amekaa kimya juu ya bidoni yake. Nikamuuliza: «Koko, kwenu maji yakiwa kidogo, nani anachota kwanza?»

«Mgeni.»

«Na wewe mwenyewe, unaonaje?»

Alinyamaza muda mrefu. «Mgeni wa siku mbili, ndiyo. Mimi niko hapa mwaka wa tatu. Nitapanga foleni kama ninyi. Lakini msiniite tena mgeni.»

Yule mwenyeji alisogeza bidoni yake. Mimi niliandika maneno yale kwenye daftari la darasani, na Jumamosi nitamrudia koko na maswali mengine.