Ulinganifu wa Maktaba Shirikishi katika Utatuzi wa Hitilafu za Vifaa Pachikwa

Mifumo pachikwa hufundishwa katika ngazi ya uzamili kwenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Tengeru, Arusha. Programu ya kifaa, mathalani kipima kina cha mto miteremkoni mwa Mlima Meru, huweza kujengwa kwenye kompyuta yenye prosesa ya x86-64 ili iendeshwe kwenye prosesa ya ARM. Inapokwama, gdbserver huidhibiti ndani ya kifaa, huku kitatuzi GDB kikiwa kwenye kompyuta. Kifaa hutuma anwani za kumbukumbu, si majina. Majina ya funksheni huweza kusomwa kutoka nakala za maktaba zilizomo kwenye kompyuta. Iwapo nakala hizo si za toleo lililomo kifaani, anwani huweza kupewa jina la funksheni isiyohusika, na fundi akarekebisha msimbo usio na kosa. Kwa hiyo, kitambulisho cha ujenzi cha kila maktaba hakina budi kulinganishwa pande zote mbili kabla ya kuiamini taarifa ya kitatuzi. Kitambulisho hicho hubaki hata alama za utatuzi zikiondolewa kifaani ili kuokoa nafasi. Baada ya hapo, amri ya <i>set sysroot</i> huielekeza GDB kwenye nakala zinazolingana.