Mgori: msitu huwa salama ukiwa na mwenyewe

Ikitajwa habari ya viumbe walio hatarini kutoweka, wengi wetu humfikiria jangili na bunduki yake. Si bure. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kuwa Tanzania ilikuwa imepoteza takriban asilimia 60 ya tembo wake ndani ya miaka mitano, wakabaki kama 43,000. Lakini viumbe wengi hawamalizwi na risasi. Chura wa Kihansi, ambaye makazi yake ni korongo moja tu duniani, huko Udzungwa, hakuna aliyemwinda. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko yaliyomtunza yalipungua, maradhi ya kuvu yakafuatia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliponea kwa vyura wachache waliokuwa wamepelekwa Marekani kuzalishwa. Muuaji mkubwa, basi, ni kuharibika kwa makazi, na makazi huharibika upesi zaidi pale ambapo hakuna mtu wa karibu mwenye mamlaka ya kukataa.

Tazama msitu wa Mgori, mkoani Singida, pori la miyombo lenye zaidi ya hekta 40,000. Ndani yake kuna miti kama mninga, ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu mithili ya damu. Mche wa mninga huchipua wakati wa mvua, kiangazi ukanyauka hadi ardhini, mwaka unaofuata ukachipua tena. Miaka kadhaa hupita hivyo huku mzizi ukijijenga chini, kabla shina halijasimama. Moto mmoja usiodhibitiwa, au jembe moja, hufuta kazi hiyo yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya Mgori hifadhi yake. Anayeambiwa kwamba msitu unamtoka mkononi ana sababu gani ya kuutunza? Atawahi chake mapema. Mpango ukageuzwa: kufikia mwaka 1995 vijiji vitano, vikiwamo Pohama, Ngimu na Unyampanda, vilikuwa vimepewa kila kimoja sehemu yake, vikatunga sheria ndogo na kuweka vijana wao wa doria. Ufyekaji ukapungua, na Mgori, pamoja na msitu wa Duru-Haitemba wa Babati, ukawa miongoni mwa mifano iliyotangulia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Watakuwapo wa kusema kwamba wanakijiji ndio hao hao wachoma mkaa, na kuwakabidhi msitu ni kumpa fisi bucha. Ni kweli wamo. Ila afisa mmoja mwenye pikipiki hawezi kuijua kila njia ya porini, ilhali jirani anajua baiskeli ya nani hupita alfajiri na magunia. Pingamizi zito zaidi linatoka Mgori kwenyewe: miaka iliyofuata msitu huo ulivamiwa tena kwa mashamba na mkaa, hata Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ukaingia kuusimamia. Mimi sioni hapo ushahidi kwamba vijiji havifai. Naona kwamba mamlaka bila mapato wala ulinzi wa dola hayadumu. Kijana wa doria asiyelipwa, anayemkamata mvamizi kisha akamwona mtaani wiki ileile, ataacha. Kule Kilwa, vijiji vilivyopata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu viliweza kuuza mpingo wao kwa faida, na hapo mti uliosimama ukawa na thamani kwa aliye jirani nao.

Serikali ina kazi ambayo kijiji hakiiwezi. Tembo na mbwa mwitu hawajui mipaka ya vijiji vitano, na biashara ya pembe za ndovu haikupigwa marufuku na mkutano wa kijiji; ilipigwa marufuku na mataifa, mwaka 1989. Lakini dola isimame nyuma ya kijiji, isikae mahali pake. Nanyi mnaoishi kando ya msitu usio na mwenyewe, sheria ya 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza hifadhi yake. Pelekeni hoja hiyo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na siku hiyo hiyo mdai kusomewa hesabu za faini na za mauzo ya mbao.