Fua Leso Kwanza

Kabla hujaenda kununua samaki wa tangi, fua leso. Kinga maji ya bomba lako kwenye beseni, chukua kipande cha sabuni ya mche, sugua. Povu likija mara moja, maji yako ni laini. Ukisugua mpaka mkono ukachoka na juu ya maji pakatanda utando mweupe unaonata, maji ni magumu: yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, na madini hayo huinasa sabuni kabla haijatoa povu. Sabuni ya unga haifai kwa jaribio hili, kwani imetengenezwa ili isibabaishwe na madini.

Wengi huanza na rangi ya samaki. Nami nilianza hivyo. Nilinunua samaki wawili wa dhahabu, neoni sita wenye mstari wa buluu, na mpiganaji mmoja dume, mapezi yake yakipepea kama kanga kwenye kamba. Muuzaji aliniambia nisiwe na wasiwasi, wote ni samaki wa maji baridi. Hakudanganya. Ni Kiswahili chetu tu kinachoita "baridi" maji yoyote yasiyo ya bahari, hata ya kijito cha Amazon chenye joto la nyuzi 26. Samaki wa dhahabu, ambaye ukoo wake ni wa China, ndiye peke yake aliyetaka ubaridi wenyewe. Neoni wa Amazon na mpiganaji wa Thailand wanapenda joto, tena maji laini. Kufikia mwezi wa pili neoni walibaki wawili, na sikuwa nimeokota mzoga hata mmoja. Samaki wa dhahabu walikuwa wamenenepa.

Maji yetu ya nyumbani ni ya kisima kirefu, na hayatoi povu. Badala ya kuhangaika kuyalainisha, nikatafuta samaki ambao maji ya namna hiyo ndiyo kwao. Hawako mbali. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi, lina maji yenye madini mengi na pH inayokaribia 9, ilhali 7 ndiyo katikati ya tindikali na besi. Kwa mamilioni ya miaka jamaa wa perege wamegawanyika humo kuwa spishi zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani penginepo. Miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha nje kutoka Burundi, na leo wanafugwa katika sebule za Ujerumani na Marekani. Duka nililonunua mimi mara ya kwanza halikuwa na hata mmoja. (Kisima cha pwani kinachokolea chumvi mdomoni ni habari nyingine. Leso haitakuonyesha tofauti hiyo, ulimi utakuonyesha.)

Ila kutoka ziwa moja si kuelewana. Mtazame frontosa: milia myeusi na buluu, nundu kwenye paji la uso, mwendo wa mzee aliyemaliza shughuli zake. Hamkimbizi mtu. Lakini hufikia sentimita 30, na ziwani huwavizia Cyprichromis gizani, wakati samaki hao wembamba hawajaamka. Ukiwaweka pamoja, mchana utaona amani tupu na kila asubuhi utahesabu pungufu. Basi dukani usiulize kama samaki ni mkali. Uliza atakuwa na mdomo wa ukubwa gani akishakua.

Baada ya mdomo, tumbo. Tropheus duboisi akiwa mdogo ni mweusi mwenye vitone vyeupe, utadhani ni unyoya wa kanga wa porini, na ni vigumu kumwacha dukani. Chakula chake ni mwani anaoukwangua kwenye mawe, na utumbo wake mrefu umeumbiwa kazi hiyo. Mlishe vyakula vya wala nyama, tumbo huvimba naye hufa. Kwa hiyo ama umfuge na wala mwani wenzake, ama umwache. Mimi nilimwacha, na bado roho inaniuma.

Niliobaki nao wanaishi katika tangi la lita 250, lenye urefu wa sentimita 120. Juu wanaogelea Cyprichromis kumi. Upande wa kulia kuna mawe, na katika nyufa zake jozi ya Julidochromis, ambao hugeuzia tumbo lao kwenye jiwe lililo karibu, hata kama maana yake ni kuogelea kichwachini. Upande wa kushoto ni mchanga na magamba matupu ya konokono, makazi ya aina ya tatu, na katikati nimeacha uwanja mtupu ili pande mbili zisigombane. Aina zote tatu hula vijidudu, kwa hiyo jikoni ni chungu kimoja.

Kwenye magamba ndiko ninakopotezea jioni zangu. Neolamprologus multifasciatus ana sentimita nne hivi, na kila mmoja ana gamba lake. Hujaza mchanga mdomoni, husogea hatua mbili za samaki, huutema, hurudi. Baada ya saa moja gamba limezama na mlango tu ndio unaoonekana. Ukiingiza mkono kusafisha, mwenye nyumba hutoka na kukugonga kidoleni.

Haya maji ya besi yana adhabu yake. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Katika nyuzi 25 na pH 7, haifiki sehemu 1 kati ya 100 ya amonia hiyo iliyo katika hali ya sumu kali. pH ikiwa 9, ni kama sehemu 36. Ndiyo maana nilikaa wiki sita na tangi lisilo na samaki, nikidondosha amonia kidogo kidogo ili bakteria wanaoila wajenge makazi kwenye filta. Wageni walidhani nimefilisika.

Sasa namtamani mmoja tu, jamaa wa ngogo mwenye madoa, Synodontis multipunctatus. Maji yangu yanamfaa. Mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani Tetsu Sato (ndiyo, Sato) alieleza katika jarida la Nature anavyozaa: huwavamia samaki wanaoatamia mdomoni wakiwa wanataga, naye hudondosha mayai yake palepale. Mama, katika haraka ya kuokota yake, huyabeba yote. Ya ngogo huanguliwa kwanza, na vifaranga hao huwala wenzao humohumo mdomoni. Siku ya kuwatoa watoto, mama hufungua mdomo, kikachomoka kingogo chenye sharubu.